Chenji ya Rada: Tulibishana Kipaumbele, Bei Ikapita

Machi 2012 serikali ya Tanzania ilitia saini makubaliano ya kupokea pauni milioni 29.5 kutoka BAE Systems, kampuni kubwa ya silaha ya Uingereza iliyokuwa imetuuzia rada. Kwa shilingi za wakati ule zilikuwa bilioni 72 na ushei. Mitaani na magazetini zikaitwa chenji ya rada, na zilipangiwa kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Miaka kumi nyuma yake ubishi ulikuwa huu: nchi iliyotoka juzi kusamehewa madeni inunue rada ya kijeshi, au ipeleke fedha shuleni? Rada ilishinda ubishi ule. Fedha zikaja kufika shuleni baadaye, baada ya kuzunguka Panama, Uswisi na mahakama moja ya London.

Kisa hiki ni cha zamani kidogo, lakini nakirudia kwa sababu kila mwaka, wizara zikianza kusoma bajeti zao Dodoma, tunabishana vilevile. Mmoja anasema fungu la ulinzi limenona wakati zahanati hazina dawa. Mwingine anajibu kwamba bila amani hata hiyo zahanati haijengwi. Wote wawili wana hoja, na wote wawili wanaweza kubishana mpaka usiku bila kugusa jambo lililoigharimu Tanzania kwenye rada. Jambo hilo ni bei.

Mazungumzo ya ununuzi yalianza mapema miaka ya 1990, enzi za Mzee Mwinyi, kati ya serikali na kampuni ya Siemens Plessey. BAE ilipoinunua kampuni hiyo mwishoni mwa muongo ilirithi biashara pamoja na dalali wake. Mkataba ukasainiwa Septemba 1999, Mkapa akiwa Ikulu. Bidhaa ilikuwa mtambo wa kuongozea ndege uitwao Watchman, kwa dola karibu milioni 40, yaani pauni milioni 28. Ulitengenezwa Cowes, kwenye kisiwa cha Wight kusini mwa Uingereza, na waliokuwa wakiutetea kule walitaja ajira 250 zilizokuwa zikiutegemea. Fedha zilitoka kwa mkopo wa benki ya Barclays.

Mkopo wenyewe ulikuwa na kiini macho chake. Nchi iliyo ndani ya mpango wa msamaha kwa nchi maskini zenye madeni makubwa haikutakiwa kukopa kwa masharti ya kibiashara. Kwa hiyo mkopo wa Barclays ulielezwa kuwa wa masharti nafuu, riba chini ya soko. Wakosoaji waliuliza swali ambalo mama yeyote wa kikoba angeuliza: benki ya biashara inakupa nafuu, nafuu hiyo analipa nani? Kama bei ya bidhaa imevutwa juu, muuzaji anaweza kuifidia benki, na mkopaji akaondoka anashukuru riba ndogo huku amelipa yote kwenye bei.

Tazama sasa mambo yalivyofuatana. Mwaka 2001 serikali ilifuta ada ya shule za msingi. Novemba mwaka huohuo Tanzania ilimaliza masharti ya msamaha wa madeni, unafuu unaokaribia dola bilioni 3 kwa miaka ya mbele, kwa ahadi kwamba kinachookolewa kwenye malipo ya madeni kitakwenda kwenye elimu, afya, maji na barabara za vijijini. Desemba, mwezi mmoja baadaye, Uingereza ikatoa kibali cha kusafirisha rada. Mwaka 2002 MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ukaanza na watoto wakamiminika madarasani. Idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka chini ya milioni 5 hadi zaidi ya milioni 7 ndani ya miaka michache. Aliyesoma au kufundisha shule ya serikali miaka ile anakumbuka: darasa moja watoto mia na zaidi, nusu wamekaa sakafuni, kitabu kimoja cha hisabati kinapita safu nzima na kikifika nyuma kengele imeshagongwa.

Kwa picha hiyo, hoja ya "madawati kwanza" ilikuwa rahisi kuisema na rahisi kuipigia makofi. Naikubali nusu tu.

Upande wa rada haukuwa wa wendawazimu. Tanzania ni nchi kubwa, ina majirani wanane, na upande wa magharibi Kongo ilikuwa vitani huku wakimbizi wa Burundi wakijaa Kigoma. Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Dar es Salaam. Baada ya Septemba 11, 2001, hakuna serikali iliyotaka kuonekana haijui nini kinapita kwenye anga yake. Halafu kuna fedha: ndege zinazokatiza anga ya nchi hulipa, na watalii wa Serengeti na Zanzibar wanakuja kwa ndege. Vifaa vilivyokuwepo vilikuwa vimechoka. Kwa hiyo kusema kwamba nchi maskini haihitaji rada ni kejeli ya mtu asiyewahi kukaa kwenye mnara wa kuongozea ndege.

Kilichokosekana ni mtu wa kusimama katikati na kusema: sawa, tunahitaji rada, ila ni rada ipi, ya kazi gani, kwa shilingi ngapi? Swali hilo liliulizwa na wageni. Benki ya Dunia ililiomba Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liutazame mkataba. Jibu la mwaka 2002 lilikuwa kavu: mfumo huu kimsingi ni wa kijeshi, msaada wake kwa safari za kiraia una mipaka, na kama lengo ni kuongoza ndege za kiraia basi haujitoshelezi na ni ghali mno. Soma tena hukumu hiyo. ICAO haikusema Tanzania isinunue rada. Ilichosema ni kwamba kwa fedha hizo hii siyo rada ya kununua.

Huko London baraza la mawaziri liligawanyika. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa, aliupinga mkataba waziwazi, na Gordon Brown wa hazina alikuwa upande wake. Waziri Mkuu Tony Blair aliutaka upite. Sheria zao za kuuza silaha zilikuwa na kigezo kinachotaka kupima kama mauzo yataumiza maendeleo ya nchi inayonunua. Kilipimwa, kikashindwa na ajira za Cowes na uzito wa BAE. Short akazuia kwa muda msaada wa pauni milioni 10 kwa Tanzania. Kwa namna hiyo mkono mmoja wa serikali ya Uingereza ukawa unatuuzia rada huku mwingine unatunyima fedha kwa sababu tumeinunua.

Hapa ndipo kisa kinanikera zaidi. Mjadala moto kuliko wote kuhusu bajeti ya Tanzania ulifanyika kwenye Bunge la watu wengine. Bunge letu la 2000 hadi 2005 lilikuwa na wapinzani wachache sana, na wabunge wa chama tawala hawakuwa na hamu ya kumshikia shilingi waziri, yaani kuzuia bajeti yake mpaka ajibu, kwa jambo lenye harufu ya jeshi. Na Short alipopaza sauti, serikali ilipata jibu jepesi kuliko yote: huu ni ukoloni mamboleo, mnataka kutupangia usalama wetu. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana lilifanya kazi. Uhuru wa kuamua ukatumika kufunika swali la bei. Wenye bei wakakaa kimya wakisubiri awamu zinazofuata za malipo.

Miaka hiyohiyo serikali iliamua pia kununua ndege mpya ya rais, Gulfstream, nayo kwa mamilioni ya dola. Kauli inayohusishwa na waziri wa fedha wa wakati ule, Basil Mramba, kwamba ndege itanunuliwa hata kama wananchi watakula nyasi, imeishi kuliko hotuba zake zote za bajeti. Rada na ndege zikachanganywa kwenye vijiwe vya kahawa zikawa jambo moja: anasa ya wakubwa. Kwa siasa ilikuwa sawa. Kwa uchambuzi ilituharibia, maana anasa unaipinga kwa hasira na hasira haiombi risiti.

Risiti ilikuja Januari 2007. Gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba karibu theluthi ya fedha za rada, dola milioni 12, zilipitia kwa dalali mmoja, Shailesh Vithlani, kwenye akaunti ya Uswisi. Yaliyokuja kuthibitishwa baadaye mahakamani ni mazuri kwa kufundishia, kwa sababu yanaonyesha jinsi bei inavyojengwa.

BAE ilikuwa na mikataba miwili na dalali huyo. Wa kwanza ulikuwa wa kawaida: kampuni yake ya Merlin International, iliyosajiliwa Tanzania, ingepata asilimia 1 ya thamani ya mkataba. Huo ndio ungeweza kumwonyesha mtu yeyote. Wa pili ulikuwa kati ya Red Diamond, kampuni ya visiwa vya Virgin vya Uingereza iliyomilikiwa na BAE yenyewe, na Envers Trading, kampuni ya Vithlani iliyosajiliwa Panama. Huo ulikuwa wa hadi asilimia 30.025. Angalia hizo desimali. Hakuna mtu anayeandika desimali tatu kwa bahati mbaya. Mtu alikaa na kikokotoo. Kati ya 2000 na 2005 zikalipwa dola milioni 12.4, nyingi kupitia njia ya pili, na kwenye vitabu vya hesabu vya BAE zikaandikwa kama malipo ya huduma za kiufundi.

Dalali wa asilimia 31 hapatikani pale ambapo wauzaji watatu wameshindana mbele ya macho ya watu. Anapatikana pale ambapo mnunuzi hawezi kuulizwa. Kila dola kumi alizokopa Mtanzania kwa ajili ya rada, tatu na kitu hazikununua hata nati ya mtambo. Na riba alizilipia zote.

Nyumbani, mwaka 2008 ulikuwa mwaka wa kuanguka. Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la Richmond, mkataba wa umeme wa dharura. Aprili ikawa zamu ya Andrew Chenge, waziri wa miundombinu, ambaye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1993 hadi 2005. Wachunguzi wa Uingereza walikuwa wamekuta akaunti yake Jersey yenye zaidi ya dola milioni moja. Alipoulizwa na waandishi aliziita vijisenti, na jina hilo likamganda. Alikana kwamba fedha zile zilihusiana na rada, na baadaye TAKUKURU, taasisi yetu ya kupambana na rushwa, ilisema haikupata ushahidi wa kumhusisha. Alirudi bungeni, na Bunge lilipounda Kamati ya Bajeti mwaka 2013 alikuwa mwenyekiti wake. Vithlani alifunguliwa shtaka Dar es Salaam la kuwadanganya wachunguzi, lakini alikuwa ameshaondoka nchini.

Kesi iliyofika mwisho ilikuwa ya London, nayo ilifika kwa kuchechemea. SFO, taasisi ya Uingereza inayochunguza ulaghai mkubwa, ilikubaliana na BAE mwaka 2010: kampuni ikiri kosa la kutotunza vitabu vya hesabu sawasawa, ilipe pauni milioni 30 kwa manufaa ya watu wa Tanzania, itolewe humo faini yoyote ya mahakama, na mambo yaishe. Desemba 21, 2010, mahakama ya Southwark, Jaji Bean alitoza faini ya pauni 500,000 na gharama pauni 225,000. Alisema ni ujinga uliopitiliza kuamini kwamba Vithlani alilipwa kiasi kile kwa ushawishi wa kawaida tu, na kwamba kuna uwezekano mkubwa sehemu ya fedha ilitumika kwenye mazungumzo ili kuipendelea BAE. Lakini hakuwa na shtaka la rushwa mbele yake, kwa hiyo hakuweza kuhukumu rushwa. Kampuni iliadhibiwa kwa uandishi mbaya wa hesabu, kama mweka hazina wa chama cha msingi aliyepoteza daftari.

Ndipo ukaja ubishi wa pili, ambao nao ulikuwa wa kipaumbele. BAE ilitaka igawe fedha yenyewe kupitia mashirika ya hisani, ikaunda bodi ya kuishauri. Serikali ya Tanzania ikakataa: fedha ni zetu, zije hazina. Kwa mara ya kwanza kwenye kisa hiki Bunge letu likasimama. Mwaka 2011 ujumbe wa wabunge ukiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai ulikwenda London kudai, na kamati ya bunge la Uingereza inayoshughulikia maendeleo ya kimataifa ikawaita wakubwa wa BAE na kuwahoji kwa nini hawajalipa. Waliokuwa na wasiwasi na serikali ya Dar es Salaam waliuliza kama ni busara kurudisha fedha kule zilikovuja. Swali halali, ila lilisahau kwamba waliovujisha walikuwa pande zote mbili za meza, na mmoja wao sasa alitaka awe mfadhili. Mwishowe yakapatikana makubaliano ya Machi 2012, yenye saini za BAE, SFO, idara ya misaada ya Uingereza na serikali ya Tanzania. Fedha ziende kwenye vitabu na vifaa vya kufundishia kwa shule za msingi zipatazo 16,000, pamoja na madawati.

Na rada? Ilifungwa Dar es Salaam ikafanya kazi kwa kadiri ilivyoweza. Agosti 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kununua rada nne za kiraia, moja Dar es Salaam, nyingine Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, kwa jumla ya shilingi bilioni 67.3. Rais Magufuli alizindua mradi huo Aprili 2018. Maelezo ya serikali wakati ule yalikuwa kwamba rada iliyokuwepo ilikuwa inaona karibu robo tu ya anga ya nchi. Fanya hesabu kwa dola ya 2017: rada nne kwa takriban dola milioni 30. Mwaka 1999 tulitoa milioni 40 kwa mkataba wa mtambo mmoja wa Watchman. Najua teknolojia hushuka bei, na mtambo wa kijeshi haulingani na wa kiraia kifaa kwa kifaa. Hata ukitoa punguzo lote hilo, ICAO ilikuwa imeshasema mapema nini kilikuwa na kasoro.

Mtu wa usalama atasema bei za zana za jeshi haziwezi kuanikwa. Zipo zisizoweza. Idadi ya risasi, mahali zilipo, masafa ya redio, hayo hayamhusu mpiga kura. Lakini nani mkopeshaji, riba ngapi, wazabuni walikuwa wangapi, na kama kuna dalali analipwa asilimia ngapi, hakuna adui anayeshinda vita kwa kuyajua hayo. Kamati ya bunge ya ulinzi tayari hukaa faragha. Ingeweza kuyauliza hayo manne milango ikiwa imefungwa na hakuna siri ingetoka nje. Mafungu ya ulinzi, 38 ya Ngome, 39 ya JKT na 57 ya wizara yenyewe, hupita bungeni kwa hotuba ndefu za kuwashukuru wanajeshi, shukrani wanazozistahili, na mara chache utamsikia mbunge akishika shilingi ya waziri mpaka aelezwe bei ya kitu kimoja.

Mbunge akisimama na kusema "punguzeni ulinzi muongeze elimu", waziri ana jibu tayari na mbunge atakaa chini. Akisimama na kusema "nipe jina la aliyeuza, jina la aliyekopesha na kamisheni", hakuna wimbo wa amani na utulivu unaojibu hilo. Mwaka 1999 swali hilo lingeokoa dola milioni 12 bila kuigusa hata kidogo haki ya nchi kulinda anga yake, na fedha hizo zingeweza kufika shuleni wakati watoto wa MMEM bado wako darasa la kwanza. Zilipofika, wengi wa watoto wale walikuwa wameshamaliza la saba, wengine wako sekondari, wengine wanaendesha bodaboda.

Kampuni ililipa, serikali ya Uingereza ikapongezwa kwa kusimamia malipo, serikali yetu ikapokea, vitabu vikagawiwa. Dola milioni 12.4 zilizopita kwa dalali zilitua mifukoni mwa nani huku nyumbani, hakuna mahakama ya Tanzania iliyokwisha kutamka.